Taa Iliyoitwa Wayua

Makongeni, Thika
2 Machi 2025

Kwako Mwaitu Wayua,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila joto linatumaliza na maji ya ploti yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Barua hii anakuletea Kagwe wa mayai. Kila Jumatatu anashusha trei huko Kimbo, na anasema duka lako analijua, lile lenye sare za shule zimening'inia mlangoni. Trei yenye jina lako ni yako, usibishane naye.

Krismasi ulisema nisikupigie simu tena juu ya mambo ya kisu cha hospitali. Sijapiga. Lakini hukunikataza kuandika. Ni wewe ulinifundisha nikiwa bodingi, Mami akiwa hata hajamaliza mwaka kaburini, kwamba simu ni ya salamu na jambo la kweli huandikwa. Ulikuwa ukiniandikia kila wiki, hata kama ni kunigombeza tu. Mami angeona vile ulivyonilea hadi nikakuita Mwaitu, mama, baada ya dada yako kuondoka, angecheka na kulia pamoja.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka uliniuliza hiyo PhD ya kemia ni ya kupika nini, na mimi nikakujibu vibaya? Leo nakujibu vizuri. Ninatengeneza molekuli, vitu vidogo hata darubini ya shule haivioni, na kazi yao ni kutoa nuru zikipitishiwa stima. Nuru hiyo si ya kawaida. Iko ng'ambo ya nyekundu, mahali jicho la mtu haliwezi kufika. Chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya simu, ule upande wa kujipiga mwenyewe, halafu ubonyeze. Jicho halioni kitu, kamera inaona. Nuru ya ukoo huo inapita kwenye nyama, lakini damu inaizuia kidogo, kwa hivyo mishipa huonekana kama mistari myeusi. Mashine za namna hiyo ziko tayari, kubwa na za bei. Sisi tunataka taa laini kama plasta, inayobandikwa mkononi.

Wiki iliyopita molekuli yangu moja iling'aa kwa namba 860 kwenye kipimo cha rangi ya nuru. Mwaitu, niliruka! Hiyo ni mbali sana ng'ambo, na nuru ilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimeipa jina. Inaitwa Wayua.

Nakumbuka vile nesi alivyokudunga dripu ya kansa Novemba, mkono mmoja tu ulio nao wa kudungwa tangu upasuaji, mara ya nne ndipo akapata. Ningependa siku moja mtu aweke taa yako juu ya mkono wako na aone mshipa mara moja.

Tusikasirikiane tena.

Mtoto wako,
Ndinda


Kimbo, Ruiru
16 Machi 2025

Ndinda mtoto wa dada yangu,

Trei nimepata. Mayai mawili yamepasuka. Mwambie huyo Kagwe wako habebi mawe.

Mimi niko. Nywele zimeanza kuota tena kidogo kidogo, Ciku wa mboga hapa nje ananiambia nimekuwa mtoto wa mwezi mmoja. Nimemwambia mtoto wa mwezi mmoja hashoni sketi thelathini kwa wiki. Shule zinafunga karibuni, lakini wazazi wa siku hizi wanaleta kitambaa siku ya mwisho, na tena wanataka pindo refu ili mtoto akue nayo hadi aolewe.

Kukasirika nilikasirika. Krismasi uliniongelea kama wewe ndiye daktari na mimi ni karatasi ya mtihani. Hiyo imepita.

Rimoti nimejaribu. Woi! Kanuru kakatokea kwenye simu, ka rangi ya zambarau, na kwa macho hakuna kitu! Nikaita Ciku. Akasema ni uchawi, nikamwambia ni kemia, akasema ni kitu kimoja. Kisha nikaweka rimoti kwenye mkono wangu, nikatazama kwa simu. Mkono tu. Sawa, ya kwako itakuwa na nguvu.

Na eti umeiita jina langu! Ungeiita Nzisa, jina la mama yako, lina heshima. Wayua ni mtoto aliyezaliwa njaa imebana. Lakini acha nikuambie ukweli, nilikaa kwa kiti nikalia. Wewe unajua kwetu mtu hupata wa kumrithi jina kwa wajukuu. Mimi sikuzaa. Nilidhani jina langu litaishia kwenye kibao cha duka, na hicho kibao kimebabuka.

Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Niliwaambia wote, mtoto niliyemlea anatengeneza taa ya kuonyesha mishipa, na Mungu ameona mkono wangu. Mchungaji alisema Amina mara tatu. Mama Kaloki alilia hadi kilemba kikaanguka. Sasa hiyo taa si yako peke yako, akina mama wanaiombea kila Jumatano.

Daktari bado ananiimbia wimbo ule ule wa kuniweka kile kifungo chini ya ngozi ya kifua, ati dawa ipitie hapo. Kifungo ndivyo mimi nakiita, yeye ana jina lake la Kizungu. Lazima nikatwe tena. Nimemwambia subiri, kuna taa inakuja.

Kula vizuri. Mifupa ya shingo yako ilikuwa inaonekana Krismasi.

Ni mimi,
Wayua


Makongeni, Thika
4 Mei 2025

Kwako Mwaitu,

Unisamehe kwa kukawia. Huku tuko salama. Mvua imeharibu njia ya kuingia kwenye ploti, tunakanyaga mawe. Mama mwenye nyumba ameweka kuku kwenye veranda na sasa jogoo wake ndiye kengele yetu. Kagwe alipata homa, ndiyo maana mayai yalichelewa. Mwenzangu wa maabara, Kyengo, amepata mtoto wa kike. Nilikuwa nije Pasaka lakini kulikuwa na kazi nyingi. Kunyesha nako hakuishi.

Kuhusu taa, kuna kipimo kimoja hakikukaa vizuri, tunarudia. Unajua kazi hii ina mtego wake. Kadiri unavyoisukuma nuru ng'ambo ya nyekundu, ndivyo molekuli inavyoitumia yenyewe kwa kutikisika. Badala ya nuru unapata joto tu. Ninajaribu kuikaza isitikisike.

Kwa hivyo taa ni jambo la polepole sana. Tafadhali wewe endelea na yale daktari anayosema. Usiingoje.

Salimia Ciku.

Mtoto wako,
Ndinda


Kimbo, Ruiru
25 Mei 2025

Ndinda,

Nimepokea. Mistari sita ya mvua na jogoo, na ya taa ni kama umeandika ukikimbia. Haya.

Huku mvua si mchezo. Wiki moja baada ya Pasaka stima ilirudi na kishindo, TV ikatoa moshi ikafa. Fundi amesema nisijisumbue. Sijali sana, habari zenyewe ni za kuuma kichwa. Cherehani ya mguu haijali stima, hiyo ndiyo mashine.

Mambo ya kutikisika nimeelewa. Kitambaa laini kikicheza chini ya sindano, mshono unaruka. Mimi huweka karatasi chini yake, nashona vyote pamoja, halafu nachana karatasi. Jaribu karatasi. Najua utacheka, lakini nimekusaidia bure.

Akina mama wananiuliza taa imefika wapi. Nimewaambia mtoto mzuri hazaliwi kwa haraka. Mama Kaloki ana dadake huko Matuu mwenye shida kama yangu, naye amewekwa kwenye maombi ya taa.

Hospitali wananijua, usiwe na wasiwasi. Sasa hivi ninapumzisha mishipa kidogo, ipone. Ukiwa unataka kuja, ngoja kwanza nimalize hizi sare za muhula. Nyumba imejaa vitambaa, hata pa kukaa hakuna.

Pongezi kwa huyo Kyengo. Mtoto ameitwa nani?

Wayua


Makongeni, Thika
15 Juni 2025

Mwaitu,

Salamu. Sisi wazima, mtoto wa Kyengo ameitwa Ndila, jina la bibi yake.

Kupumzisha mishipa ni nini? Dripu inatakiwa kila wiki tatu, mpaka daktari aseme basi. Ni yeye amesema upumzike, au ni wewe? Niandikie jibu la hilo tu, mengine tutaongea. Karatasi ile nilicheka kweli, lakini niliipenda.

Ningekuja Jumamosi hii lakini tuna wageni wa maabara. Nitakuja karibuni.

Ndinda


Kimbo, kwenye stuli ya Ciku, nje ya mlango wako
19 Julai 2025, Jumamosi

Mwaitu Wayua,

Sitaanza na habari ya mvua.

Kagwe aliniambia jana. Usimkasirikie, nilimbana. Alikuwa akisema tu kwamba uko, uko, hadi nikamuuliza umevaa nini alipokuona mwisho, akaanza kubabaika. Duka halijafunguliwa tangu mwezi wa sita. Mayai anampa Ciku, kwa sababu wewe hufungui. Na Ciku ameniambia hapa sasa hivi, akichambua sukuma bila kunitazama, kwamba mara ya mwisho ulienda hospitali ni Machi. Machi, Mwaitu! Sasa ni Julai!

Nimebisha hodi tangu saa nne. Nimesikia ukikohoa. Najua uko ndani. Simu yako inalia huko ndani na mimi naisikia.

Basi nasema hapa, kwa karatasi ya Ciku ya kufungia nyanya. Hakuna taa.

Mashine yetu ya kupima nuru ina tabia moja mbaya. Nuru ya buluu ya namba 430 hurudi kujionyesha mara ya pili kwenye 860, mara mbili yake, kama ni kitu kipya. Kila anayeitumia anajua. Ndiyo maana tunaweka kioo chekundu mbele, kuizuia buluu. Mimi nilikuwa nimempa Kyengo kile kioo, na kwa haraka yangu nikapima bila hicho. Kile nilichokuandikia nikiruka kilikuwa ni buluu ya uchafu uliobaki kwenye chupa. Aprili nilikirudisha kioo nikapima tena, na kilima chote cha mchoro kwenye 860 kikapotea. Ukitazama sana, kuna kanuru hafifu karibu na 790, kasiko na nguvu ya kuonyesha mshipa wa mtu yeyote.

Tangu Aprili nashindwa kuandika sentensi moja, kwamba Wayua haing'ai. Kila nikiianza ni kama nakuandika wewe. Niliona akina mama wamepiga magoti kila Jumatano kwa sababu ya kioo nilichosahau, nikaogopa. Nikaandika juu ya jogoo.

Na kuna baya zaidi. Hata ingeng'aa, kutoka molekuli hadi taa ya hospitali ni miaka mingi. Na hata taa ingekuwepo, isingekusaidia. Mishipa yako inaonekana, Mwaitu. Shida ni kwamba dawa imeichoma ikawa migumu, na taa haiponyi mshipa. Nilijua hivyo hata Machi. Nilitaka tu tupatane, nikakuletea zawadi ambayo sikuwa nayo.

Kwa hivyo usingoje chochote kutoka kwangu. Nenda Jumatatu wakuweke kile kifungo. Nikasirikie ukiwa umelala kitandani hospitalini. Nitukane mbele ya kanisa lote. Lakini nenda.

Giza linaingia na Ciku anataka stuli yake. Ninaisukuma hii chini ya mlango. Fungua, tafadhali. Ninaogopa.

Ndinda


Kimbo, Ruiru
10 Agosti 2025

Ndinda,

Habari ya huko. Hapa ni baridi.

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya mlango. Nilikuwa nakuona kwa pembeni ya pazia. Ulikuwa umevaa lile koti la kijani nililokushonea, kifungo cha pili hakipo. Nilitaka kufungua nikushonee hicho kifungo. Halafu nikafikiria vile nimekonda, na vile utapiga kelele, na hasira ikanishika, nikakuacha ukae kwenye baridi. Nilipokusikia ukimuaga Ciku niliweka mkono kwenye komeo. Nikauondoa tena. Hilo linanisumbua kuliko mshono huu wa kifuani.

Mambo ya taa nilijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata hapo Witeithie njiani. Bodingi ulipofeli hisabati uliniandikia kurasa nzima kuhusu chakula. Sasa mtoto ananiandikia kuhusu nuru hadi karatasi inamwishia, halafu mwezi wa tano ananiletea jogoo. Kwani mimi nilianza kukusoma jana?

Utauliza, basi nilikuwa nangoja nini. Sikuwa nangoja taa. Taa ilinifaa tu. Mwaka jana walipoondoa titi, niliamka nikajipapasa nikakuta ni bandeji na chini ni uwanja, na nikasema moyoni kisu kisinijie tena. Mimi nakata nguo za watu mwaka mzima, na nilikuwa na hofu ya makasi. Sasa watu wakiuliza mbona huendi, mtu mzima atasema anaogopa? Huwezi kusimama kanisani ukatoa ushuhuda wa woga. Ushuhuda wa taa unaweza, na watu wanalia na mchungaji anasema Amina. Ulinipa kitu kizuri cha kujificha nyuma yake na mimi nikajificha. Kwa hivyo mzigo si wako wote, nusu ni yangu. Lakini nusu yako uibebe, sitakubebea.

Umeandika unaogopa. Hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilidhani katika nyumba yetu mwoga ni mimi peke yangu.

Ile Jumatatu Ciku alifunga kibanda chake akanipeleka. Ilikuwa vipimo kwanza, halafu kungoja kitanda, halafu wakaniweka kifungo. Nimeangalia kwa kioo. Mshono umepinda na mwisho wamefunga fundo kubwa kama la gunia. Mtu akiniletea sare imeshonwa hivyo ninamrudisha. Lakini dawa inaingia vizuri, hakuna aliyenitafuta mshipa. Nililala dripu ikiendelea.

Sasa hili nalo nakuandikia kama lilivyo. Daktari amesema kama singeacha Machi ingekuwa safari fupi. Sasa kansa imeshuka kwenye ini. Nikamuuliza, hiyo ni kusema nakufa? Akasema ni kusema tumechelewa kuanza, na kwamba ataanza nami. Ni kijana, anaweza kuwa na umri wako. Nilimhurumia.

Usije na maneno ya samahani, nimechoka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilichelea nafsi yangu kulia. Jumapili ijayo nitasimama kanisani niwaambie hakuna taa, na kwamba Mama Kaloki ampeleke dadake hospitali wiki hiyo hiyo. Wewe utakaa benchi la mbele, wakuone. Hatutaomba Mungu atuletee rimoti.

Ile molekuli usiibadilishe jina. Umesema kuna kanuru kadogo kwenye hiyo 790. Basi kanatosha kuanzia. Ikaze, uipime na kioo chekundu mbele, na uniandikie namba ya kweli hata ikiwa ni ya aibu.

Njoo Jumamosi ulale hapa, twende kanisani pamoja. Njoo na hilo koti, kifungo cha kijani kiko kwenye kopo langu, nimeshakitafuta. Na upitie dukani uniletee betri mbili ndogo za rimoti. Zile mpya nilizoweka Pasaka zimekwisha kabisa, kwenye simu kale kanuru hakaonekani tena.

Usiniulize zimekwishaje, na TV iliungua Aprili.

Mama yako,
Wayua